Chambua, Aliyezisikiliza Chembe za Figo Moja Moja

Aliyelala mbele yenu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, alfajiri, katika wodi ya wazazi ya ghorofa ya pili, akiwa mtoto wa kwanza wa dereva wa lori na fundi cherehani. Baada ya mkunga na mama yake, wa kwanza kumpakata alikuwa mjomba wake, ndiye huyu anayewasomea. Mjomba siku hiyo alivaa suruali mpya, na hakurudi nyumbani nayo ikiwa kavu. Alisamehe. Mazuri mengine yote ya marehemu, yaani akili, meno meupe na ubishi, yalitoka upande wa mjomba. Upande wa baba ulichangia urefu.

Walikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, na chini ya cherehani palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo. Watoto wengine ukiwapa kopo kama lile watatenga vyekundu huku na vyeusi kule, wachoke, waende zao kucheza. Huyu alivimwaga sakafuni akavitazama kimoja kimoja kama mtu anayetafuta ndugu yake kituoni.

"We mtoto, vifungo ni vifungo tu," mjomba akamwambia.

"Siyo, Mjomba. Hiki kiliwahi kuungua na pasi. Hiki kilivutwa na mtu mwenye hasira, angalia tundu lake."

Mjomba akaangalia. Kweli bwana, tundu lilikuwa limepasuka upande mmoja. Hapo hapo akampa jina la Chambua, na jina likamganda, hata walimu wakawa wanamwita hivyo wakiwa wamesahau lile la kwenye rejista.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani, kisha mwaka 1993 akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana, alikoongoza darasa kila muhula isipokuwa ule alioumwa tetekuwanga. Mwaka 1997 baba yake alianza kuvimba miguu hadi viatu vyake vya kuendeshea lori vikamkataa. Alilazwa mwezi wa Juni, akafariki mwezi wa Agosti. Chambua alikuwa na sare za shule pale kwenye veranda ya hospitali alipomuuliza daktari figo za baba zilianzia wapi kuharibika. Daktari, mtu mwema tu aliyekuwa na wagonjwa wengi wa kuwaona, akajibu, "Zimechoka, binti yangu. Figo huchoka."

Getini akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, kitu hakichoki chote kwa pamoja. Kuna pahali palianza." Mjomba, ambaye huwa na jibu kwa kila jambo hata ambalo hajaulizwa, siku ile alimbebea tu begi lake la shule.

Alikwenda chuo kikuu akasomea biolojia, akapata shahada ya kwanza, ya pili, na mwaka 2007 ya tatu. Mjomba wake aliishia darasa la saba. Kwa hiyo ukiwaweka pamoja, wale wawili walikuwa na shahada tatu, na mjomba amewahi kulitaja hilo kwenye usaili wa kazi.

Mwaka huo huo aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa figo, ghorofa ya juu kabisa ya hospitali kuu. Na humo ndimo alimopata mume. Siku moja alikwama kwenye lifti akiwa na boksi la barafu lenye vipande vya figo. Fundi wa lifti alipofanikiwa kupenyeza mkono mlangoni ili amvute atoke, alikabidhiwa boksi. "Mimi niache," sauti ikamwambia kutoka gizani, "kimbiza hili juu kabla barafu haijayeyuka!" Fundi akapanda ngazi mbio, akarudi, akamtoa. Alisema baadaye kwamba hajawahi kupigiwa kelele na mtu asiyemwona akapenda. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2009, na wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Kazi yake inahitaji maelezo, na bahati nzuri mjomba aliwahi kwenda kuikagua. Alivalishwa koti jeupe, akakaa kwenye kiti kinachozunguka, akazunguka mara kadhaa, kisha akauliza hapa kwani mnafanya nini.

"Mjomba, si uliimba kwaya ya kiwandani?"

"Nilikuwa nguzo yake."

"Nasikia ilikuwa na mtu anayeharibu wimbo."

"Alikuwepo. Hakujulikana."

"Basi ndiyo kazi yetu hiyo. Zamani tukitaka kujua figo ina nini, tulikuwa tunasaga kipande kizima, tunasikiliza kwaya yote kwa pamoja. Unajua kuna anayeharibu, humjui ni nani. Siku hizi tunamsimamisha mwimbaji mmoja mmoja."

Akamwonyesha. Kipande chenyewe, kilichotolewa kwa sindano kwenye figo ya mgonjwa, kilikuwa chembamba kama uzi wa cherehani na kifupi kama punje ya mchele. Humo mna maelfu ya chembe hai. Walikiloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kulegeza kinachozishikanisha, zikaachana. Kisha mashine inaifungia kila chembe peke yake ndani ya kitone cha maji, na kila kitone kina alama yake, kama namba ya gari. Halafu wanasoma jeni zipi zilikuwa zinafanya kazi ndani ya chembe ile na zipi zimelala. Kwenye kioo cha kompyuta zilijitokeza nukta, nyingi kama mchanga, zimejikusanya makundi makundi: hizi huchuja damu, hizi hurudisha maji na chumvi mwilini, hizi ni za mishipa, zile pale ni walinzi wa kupigana na magonjwa.

"Kila nukta ni chembe moja, Mjomba. Moja tu. Asubuhi ilikuwa inafanya kazi ndani ya mtu, na yeye anakunywa chai wala hana habari nayo."

Mjomba wake hajawahi kuvua kofia mbele ya bosi yeyote wa kiwanda. Pale aliivua. Aliishika mapajani hadi walipotoka.

Sehemu ya ugonjwa katika wasifu huu si ya marehemu. Ni ya mdogo wake, kinyozi, ambaye kibanda chake mnakifahamu, kinatazamana na posta. Mwaka 2019 naye alianza kuvimba miguu. Chambua akamwambia bila kuzunguka: "Nitakupa figo yangu moja." Wakaenda kwa madaktari wa upandikizaji. Madaktari wakakataa. Ugonjwa ulimchukua baba, umemfikia mdogo, huenda na dada anao, umelala tu. Tukimtoa figo tutakuwa na wagonjwa wawili. Na kipimo cha kuonyesha ulipoanzia, walisema, hatuna.

Kwa hiyo akaenda kukitafuta. Alikusanya vipande vya figo za wagonjwa wa familia kama yake, cha mdogo wake kikiwemo, na vya watu wenye afya vya kulinganishia. Naye mwenyewe akajilaza kitandani, akatolewa cha kwake.

Mwaka 2021 majibu yalikuja. Chembe za wagonjwa zilikuwa na jeni za hatari zimewaka zote, kama mtaa uliovamiwa. Za wenye afya zilikuwa kimya. Na za kwake mwenyewe ziliwaka.

Aliingia kibandani kwa mdogo wake, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nikate."

"Nikukate mtindo gani, dada?"

"Wowote. Figo zangu nazo zina ugonjwa. Sitaweza kukupa."

Kinyozi aliuweka mkasi mezani. Kisha akamfunga kitambaa shingoni, taratibu, kama mteja yeyote. "Basi tutakuwa tunakwenda wote kusafishwa damu," akasema. "Tutawahi viti vya dirishani."

Kule maabara watu walikuwa wanashangilia. Ugunduzi ulikuwa mkubwa, ripoti imeandikwa, wakubwa wameshapiga makofi. Kinyozi alikuwa ameanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, ngozi imepauka, anakata nywele amekaa. Lakini marehemu alikuwa na tabia ile ile iliyowachosha wengi, ya kutoridhika na rundo mpaka aangalie kimoja kimoja. Akazirudia nukta za kwake. Akakuta zilizowaka si za figo tu. Za mishipa ziliwaka. Walinzi nao waliwaka. Zote zinapiga ukelele ule ule.

Akamwita mwenzake, bingwa wa hesabu za takwimu. "Kwaya nzima haiwezi kukosea wimbo kwa namna moja. Hapo si waimbaji, ni ukumbi unaungua."

"Bosi, tafadhali. Ripoti inaondoka Ijumaa."

"Haiondoki. Vile vipande vya wenye afya, nani alivitenganisha?"

"Watu wa chini, karibu na chumba cha upasuaji. Wao hutumia barafu, ni mazoea yao."

"Na vya wagonjwa?"

Yule bingwa akaiweka ripoti chini. Vya wagonjwa, pamoja na cha kwake, vilitenganishwa hapa juu, kwenye maji ya uvuguvugu.

Chambua akachukua kipande kipya kimoja akakigawa. Nusu akaiweka kwenye uvuguvugu, nusu kwenye barafu na dawa inayofanya kazi baridini. Figo ile ile, mtu yule yule. Ya uvuguvugu iliwaka yote. Ya barafu ilikuwa kimya.

"Mjomba," alisema jioni ile, akicheka na macho yamejaa, "nilimnyofoa mwimbaji kwenye kwaya, nikamtumbukiza kwenye maji ya moto, akapiga ukelele, nami nikaandika kwamba ni ugonjwa."

Alisimama mbele ya wakubwa wale wale akasema kosa ni lake, chembe alizitisha yeye mwenyewe. Ripoti ikafutwa. Kuna waliomnunia hadi leo, na kama mmoja wao yupo hapa, karibu, kiti kipo.

Wakaanza upya, kila kitu barafuni. Ilichukua karibu miaka miwili, huku kinyozi akizidi kunyauka na kila aliyemtembelea akitoka anajifanya ana mafua. Kelele zilipoondoka, ndipo kilipoonekana kilichokuwa kimejificha nyuma yake. Katika figo za mdogo wake palikuwa na kikundi kidogo cha chembe zilizowahi kuumia, zikashindwa kupona, na wala hazikufa. Zimekwama katikati, na polepole zinaziharibu jirani zake. Pale ndipo palipoanzia. Miaka ishirini na sita baada ya veranda ile, binti wa dereva wa lori alipaona kwa macho yake.

Katika figo zake yeye, hakuna hata moja.

Madaktari wa upandikizaji hawakuridhika na nukta za kwenye kioo, na walikuwa na haki. Walimpima kwa njia zao zote, wakasoma na jeni yenye hitilafu ya ukoo wa baba, ambayo chembe zile zilizokwama ndizo zilizoifichua. Mdogo anayo. Dada hana. Chambua alitoka pale mbio na viatu vya maabara, akaingia kibandani mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa.

"Ninazo mbili nzima! Chagua!"

"Nipe ya kulia," kinyozi akasema. "Ya kushoto itakuwa na ubishi wa mjomba." Kisha akaketi chini, pale pale kwenye nywele, akalia, na yule mteja akalia naye bila kujua sababu.

Upasuaji ulipangwa tarehe 20 Novemba 2024. Hakuifikia. Tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa kwenye korido ya maabara, alilalamika kichwa kinamuuma ajabu, akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Madaktari walifanya yote wanayoweza. Tarehe 14 Oktoba walithibitisha kwamba ubongo wake umekufa, ingawa mashine ilikuwa bado inampumulia.

Daktari wa upandikizaji alikuja kwenye kile chumba kidogo chenye viti vya plastiki, akaanza kuuliza kwa kuzungukazunguka. Mume alikuwa ameinamisha kichwa. Mama yake, fundi cherehani, akamkatiza.

"Mwanangu, unaniuliza kama natoa? Alishatoa mwenyewe. Sisi tunapeleka tu."

Mume akainua kichwa. "Pelekeni," akasema.

Figo ya kulia ilikwenda kwa mdogo wake. Ya kushoto ilikwenda kwa mtu tusiyemjua, aliyekuwa anasubiri kama alivyosubiri kinyozi. Popote ulipo, ndugu yetu, utakapojikuta unabisha bila sababu, usiogope.

Marehemu ameacha mume, fundi wa lifti, watoto wawili, binti aliye sekondari na mvulana aliye darasa la tano, mama mzazi, mjomba huyu mmoja, wenzake wa maabara, wale pale waliosimama nyuma kwa mstari kama wanaosubiri mtihani, na mdogo wake.

Mdogo wake hayupo hapa kaburini. Yupo wodini, haruhusiwi hata kukaa wima kwa muda mrefu, na anasikiliza kwa simu iliyoshikwa na nesi. Daktari mpasuaji ameieleza familia kwamba walipoifungulia figo damu, ilibadilika rangi mbele ya macho yao, kutoka kijivu hadi waridi, na kabla hawajamaliza kushona ilikuwa imeanza kutoa mkojo. Daktari yule amefanya kazi hiyo maisha yake yote, na alipokuwa anasimulia alipunguza sauti. Mama aliuliza ulikuwa wa rangi gani. Akaambiwa ni mweupe, safi. Mama akasema, "Safi," akalirudia neno hilo peke yake jioni nzima.

Asubuhi hii kinyozi ametuma maneno, akaomba yasomwe kama alivyoyasema: "Dada, nesi anakuja kila saa kumwaga mfuko wa mkojo, na kila akimwaga nasema asante. Anadhani namshukuru yeye."

Mwanetu, kazi yako umeimaliza. Pumzika, na amani iwe nawe.