Shangazi na Hewa ya Ndani ya Mfupa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya matairi ya babu, akasoma shule ya mtaani hapo hapo, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1993 akahitimu shahada ya hisabati, mwanamke pekee katika darasa zima.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa damu, na huko ndiko alikotengeneza modeli yake, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria jinsi oksijeni inavyotoka kwenye vishipa vya damu na kupungua kadiri inavyopenya ndani ya uboho wa mfupa, hadi kufikia kiwango kidogo mno. Wenzake walimbandika jina la Bi Oksijeni, wakamwambia namba zake ni ndogo kuliko za mashine ya kupimia oksijeni, naye akawajibu miaka nenda miaka rudi kwamba mashine haina kosa, kosa ni kuchota uboho, kuutia kwenye kichupa kisicho na kifuniko, na kuupitisha korido nzima hadi chumba cha vipimo, ukimeza hewa ya madirishani njia yote. Aliomba sindano ya kupimia oksijeni mle mle mfupani, akaambiwa asubiri kikao, na vikao vilikaa, vikanywa chai, vikaahirishwa.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na dereva wa malori, ambaye hadi leo anasema alioa binti wa fundi matairi anayejua hewa ya mifupa kuliko ya matairi, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, ambao mnawaona hapa mbele.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa uboho wenyewe, na ilipobidi achotwe uboho nyongani, aliwaomba watu wa maabara yake jambo moja tu, waje na ile sindano, nao wakaahidi, halafu wakaja na kichupa kile kile, kwa mazoea tu, wakakipitisha korido ile ile, wakarudi na namba kubwa zile zile. Nilikuwa nimemshika mkono, akaitazama karatasi ya majibu, akasema, "Kumbe hata uboho wangu mimi umepelekwa kwanza kupunga upepo."

Alifariki tarehe 9 Juni 2024, modeli yake haijathibitishwa wala kukanushwa, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa, kwa sababu alikuwa tayari kabisa kuambiwa amekosea, mradi aambiwe kwa kipimo cha haki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani walioleta viti na maji tangu siku ya msiba, na wafanyakazi wenzake, ambao salamu zao za rambirambi zimesema mchango wake hautasahaulika. Tumezipokea, ila mkuu wa maabara, uliyekaa safu ya pili, familia inakuomba mgonjwa anayefuata apimwe mle mle mfupani.

Shangazi, pumzika sasa kwa amani, ubishi uliobaki tuachie sisi.