Nyasi Mbichi za Kumpa Resian

Keti, Leshan, na hiyo simu weka chini. Mpima shamba na mnunuzi wako wangoje hapo geti, mimi ndiye sina wakati. Resian, niinue kichwa. Nimefundisha theolojia hadi nywele zikaisha, kifo sikiogopi, ninaogopa nyinyi wawili.

Sikilizeni wanangu. Ng'ombe wote na ploti ya Kitengela ni za Leshan. Lakini chuo hiki cha Kisaju, nilichokianza na marehemu mama yenu ndani ya boma letu, atakiongoza Resian, na ile njia ya mifugo ya kwenda bwawani hauzi mtu. Leshan, ulimwambia dada yako mbele ya walimu kwamba msichana hana kwao. Hayo maneno yameniuma kuliko huu ugonjwa.

Mwaka ule walimu walipogoma, niliingia kikaoni na nyasi mkononi, vile baba yangu alivyoingia kwa wazee wenzake, nikawanyooshea, kwa sababu kwetu anayenyooshewa nyasi ameombwa amani. Wachungaji wengine wakasema profesa amerudia upagani. Wacha waseme, mgomo uliisha siku hiyo, na tukafunga kwa maombi.

Sasa wewe, nakuagiza nyasi umpe dada yako, unamchomolea za bale, kavu, za kununua! Nani aliwahi kuomba msamaha kwa chakula cha ng'ombe? Zinatakiwa mbichi, uziinamie, uzing'oe mwenyewe. Kwako umetandaza matofali ya kabro mpaka mlangoni, najua, na kwa kiangazi hiki mbichi zimebaki kwenye ile njia unayotaka kuuza. Basi nenda, upite mbele ya mnunuzi wako akuone.

Ameenda? Resian, mimina maziwa kwa kikombe. Kinywa kimekauka, sina mate ya kuwatemea baraka, nitatema maziwa. Na usinikunjie uso. Akirudi utapokea.

Karibu, Leshan. Umechafuka magoti, vizuri. Mpe.

Resian. Binti yangu, usimwangalie hivyo. Nikishaweka maziwa mdomoni sitaongea tena, na kichwa kimoja sibariki. Pokea... polepole... hata kama bado unaumia.

Haya. Inameni, wote. Enkai awape mvua... awape watoto... mlango wa chuo usifungiwe mtu... Leshan, mshike dada yako, mimi siwaoni vizuri.

Sasa lete kikombe.