Bi Khole na Njia Zisizopita Magari

Alhamisi ya tarehe 26 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika shirika letu la safari hapa Ibra, Bi Khole binti Harub Suud anastaafu. Aliingia mwaka 1994 kama mpokea simu. Anatoka akiwa mkuu wa safari za nje, na akiwa mtu aliyewapandisha baiskeli mama zetu, shangazi zetu na, mwisho kabisa, mume wake mwenyewe, aliyekuwa mgumu kuliko wote.

Wenzangu wameniomba niandike habari zake katika jarida letu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu, mimi kwenye meza ya viza, yeye dirishani. Nimekubali kwa furaha, ingawa najua ataisoma akiwa na kalamu mkononi, asahihishe.

Bi Khole alizaliwa Bujumbura, ambako babu yake alikuwa na duka la vitambaa. Huko alijifunza mambo mawili yaliyokuja kumfaa maishani: Kifaransa na kupanda baiskeli. Familia iliporudi Oman alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na baiskeli ikabaki huko huko. Hapa Ibra akaolewa na Bwana Taimur, dereva wa basi la Maskati hadi Sur, mtoto wa wazee wa Unguja. Ubishi wa Kiswahili katika nyumba ile haujaisha mpaka leo. Bi Khole baiskeli huiita kinga, kama walivyosema Bujumbura, na Bwana Taimur humjibu kwamba kinga ni ya maradhi, ile ni baskeli.

Mwaka 2008 ofisi ilimtuma kwenye maonyesho ya utalii mjini Bordeaux, Ufaransa. Siku ya mapumziko alipanda treni mpaka pwani ya Atlantiki, akakodi baiskeli. Alikuwa hajaigusa tangu usichana wake. Aliikuta njia nyembamba inayopita ndani ya msitu wa misonobari, kilomita kwa kilomita, upande mmoja miti, upande mwingine vilima vya mchanga na bahari ikivuma nyuma yake, wala hakuna gari hata moja. Alituhadithia kwamba alikwenda mwendo mrefu huku akingoja honi imshtue kutoka nyuma. Haikuja. Akashuka, akasimama chini ya miti, akacheka peke yake.

Aliporudi akamwendea meneja wetu, Bwana Abdullatif, akamwambia anataka kuwapeleka kule wanawake wa Ibra.

"Khole, wallahi watu watatucheka," Bwana Abdullatif akasema. "Mtu atoke hapa, apande ndege, ende Ulaya kupanda baskeli? Mwanamke mwenye wajukuu?"

"Huyo mwenye wajukuu ndiye ninayemtaka," Bi Khole akajibu. "Hapa apande wapi, bwana? Barabarani, pamoja na malori?"

Bwana Abdullatif akafikiri, akasema, "Khalas. Jaribu mara moja."

Mafunzo yalifanyika Ijumaa asubuhi katika uwanja wenye ukuta wa ukumbi mmoja wa harusi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa majirani, wake wa madereva, na Bi Wadha, mwenye mashamba ya tende kule Al Qabil, ambaye alitangaza kwamba amekuja kutazama tu na siku hiyo hiyo akaanguka mara kadhaa. Abaya zilikuwa zikinaswa kwenye mnyororo. Bi Khole akakaa na fundi cherehani, wakabuni abaya ya kufika magotini yenye vifungo pembeni, na suruali pana chini yake. Ofisini wakaiita abaya ya Atlantiki, na jina likashika. Siku hizi kuna duka sokoni linaiuza kwa jina hilo, na Bi Khole hajawahi kudai chochote zaidi ya kupunguziwa bei.

Safari ya kwanza ilitoka Septemba 2009. Walibeba tende, buni iliyosagwa tayari, mikeka ya kusalia na dira ya kuelekea kibla. Walisali msituni, juu ya majani makavu ya misonobari yaliyo laini kama godoro. Siku ya pili Bi Wadha alikosa kona, akatumbukia ndani ya magugu. Wenzake wakamkimbilia. Yeye akainua mkono.

"Msininyanyue kwanza! Nimekaa vizuri hapa. Nimiminieni kahawa."

Wafaransa wawili waliosimama kutaka kusaidia walipewa vikombe na tende, wakakaa nao mpaka kahawa ikaisha.

Tangu hapo ikawa kila Septemba. Walikwenda wanawake ambao hawakuwahi kusafiri bila mtoto wa kiume pembeni. Baadaye wakaja waume zao, kwa kuona wivu. Katika miaka yote hiyo Bi Khole hakupoteza msafiri hata mmoja. Alipoteza begi moja tu, lililokwenda Lisbon, na alilifuatilia kwa simu mpaka mwenye uwanja wa ndege, nadhani, akamuomba msamaha.

Mtu mmoja hakushawishika. Bwana Taimur aliipenda barabara ya basi lake, ile ya kutoka Bidbid mpaka Sur, kama wengine wanavyopenda shamba, na alikuwa na maneno yake: "Pahala hapapiti gari ni pahala hapajesha kujengwa." Kila Septemba alimpeleka mkewe uwanja wa ndege, akamtakia safari njema, akarudi kwenye basi lake.

Mwaka 2018 Bwana Taimur alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakampotea, yakabaki machache tu. Alikuwa mtu aliyezungumza na kila abiria. Bi Khole akaja ofisini kuomba aache kazi.

Bwana Abdullatif alimsikiliza mpaka mwisho. "Nenda kamuuguze mumeo," akamwambia. "Meza yako hatumpi mtu."

Hakumpa mtu. Bi Khole aliporudi alifanya kazi nusu siku, na safari za Atlantiki zikasimama. Kisha ikaja korona, ndege zenyewe zikasimama. Kazi aliifanya kama kawaida, lakini mzaha wake ulikwisha, na sisi tuliomzunguka tukajifunza kutomuuliza hali ya nyumbani mbele za watu. Bwana Taimur alikuwa hataki wageni. Madereva wenzake walikuja kumtazama, akawageuzia uso ukutani. Mazoezi ya kusema aliyaacha. Bi Khole alimlisha, akamvisha, akamsomea habari za mpira, akaja kazini.

Mwaka 2023 ofisi ikataka kuzirudisha safari. Bi Khole akasema hatamwacha mumewe. Alijua kwamba kule wanakodisha baiskeli ya magurudumu matatu yenye kiti mbele cha mtu asiyeweza kukanyaga pedali. Akamwonesha Bwana Taimur picha kwenye simu. Akatikisa kichwa. Akamwonesha tena baada ya wiki. Akatikisa kichwa.

Aliyesema naye ni binti yao Ghadeer, mwalimu wa skuli huko Sur, alipokuja mwisho wa wiki.

"Baba, mama amekaa na wewe miaka yote hii," alimwambia. "Hajakuomba kitu. Hiki tu ndicho anachokuomba."

Siku nzima Bwana Taimur hakutazama mtu. Baada ya Magharibi akamgeukia mkewe akasema, "Haya."

Mwaka ule na mimi nilikwenda, kubeba mabegi. Siku ya kwanza Bwana Taimur alikaa kwenye kiti cha mbele amevuta kilemba mpaka karibu na macho, kichwa kimeinama, kama mtu anayepitishwa sokoni bila ya ridhaa yake. Watoto wa Kifaransa walimpungia mkono. Hakuwajibu. Bi Khole, nyuma yake, alikanyaga pedali na kumwelezea miti, ziwa, daraja la mbao, na jioni nilimwona amesimama peke yake kando ya baiskeli, ameshika usukani tu, haondoki.

Siku ya pili njia ilipanda vilima vya mchanga. Katikati ya mlima betri inayomsaidia mwenye kukanyaga pedali ikaisha, baiskeli ikagoma. Bi Wadha, ambaye sasa ana umri wa kubembelezwa lakini habembelezwi, akatupa baiskeli yake kando.

"Yallah, mabibi, sukumeni! Mmekula wali bure?"

Tukasukuma wote mpaka juu. Kule ng'ambo njia ikateremka ghafla, na baiskeli ya magurudumu matatu ni nzito. Ikashika kasi. Bi Khole alikuwa anatutazama sisi nyuma, anashukuru. Chini kulikuwa na kona kali na shina la msonobari nene.

"Breki!"

Hatukujua sauti imetoka wapi.

"Breki, Khole! Kona! Breki!"

Bi Khole akabana breki kwa mikono miwili. Baiskeli ikapinda, ikapiga mchanga, ikasimama imeelekea msituni. Tulifika mbio, roho juu. Bwana Taimur alikuwa amekaa wima, kilemba kimemtoka, mkono wake mzima umeshika ukingo wa kiti. Alikuwa amekasirika vibaya sana. Na Bi Wadha, aliyefika wa mwisho akihema, akapiga ukelele:

"Dereva karudi!"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Bwana Taimur akatutazama mmoja mmoja, kisha nusu ya uso wake ikaanza kucheka, na sauti ikafuata.

Kuanzia hapo alituendesha yeye. Kulia. Polepole. Shimo. Simama. Bi Khole aliijua njia ile kama jiko lake, lakini alitii kila amri. Watoto waliopunga mkono sasa walipungiwa.

Mchana tukafika baharini. Tukakifungua kiti cha mbele, tukakinyanyua na Bwana Taimur juu yake, tukakiteremsha mchangani mbele ya mawimbi. Bi Khole, kama desturi yake, hakutulia: anamimina kahawa, anauliza nani ana kiu, anatafuta kivuli cha Bi Wadha. Bwana Taimur alimfuata kwa macho, akienda na kurudi. Kisha akasema, taratibu, na sote tukasikia:

"Khole. Kaa. Umechoka."

Katika miaka yote ya ugonjwa ule hakuna kati yetu aliyemwona Bi Khole akilia. Aliketi mchangani karibu na miguu ya mumewe, akajifunika uso kwa mtandio. Bwana Taimur akamwekea mkono kichwani. Sisi tukaenda kuzishughulikia baiskeli, ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Waliporudi, Bwana Taimur alikubali kwenda Nizwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya kusema. Leo anazungumza, taratibu lakini anazungumza, na madereva wenzake wamerudi barazani kwake. Huwahadithia njia isiyopita gari. Hawamwamini, naye hukasirika.

Septemba hii msafara utaongozwa na Rasha, ambaye Bi Khole amemfundisha kila kitu, pamoja na namna ya kumkatalia Bi Wadha, jambo ambalo Rasha bado hajaliweza. Bi Khole na mumewe wanahamia Sur, karibu na Ghadeer. Katika msafara wamo, ila safari hii kama abiria. Nilipomuuliza angependa tumwandalie nini kule, alijibu kwamba anataka akae ukingoni mwa ziwa na Taimur mpaka wachoke wenyewe, na asiwepo mtu wa kumuuliza choo kiko wapi.

Bi Khole, uongozi na wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali wako wa haki, na kwa mama zetu waliorudi kutoka Atlantiki na magoti yaliyochubuka, wakicheka kama wasichana. Mwenyezi Mungu akupe wewe na Bwana Taimur afya, miguu yenye nguvu, na asubuhi ndefu zisizo na simu ya mtu aliyesahau pasipoti. Ishi kwa raha, dada yetu. Tutakukosa sana dirishani.

Adham Shihab, meza ya viza