Ndoo ya Chumvi ya Emil Hudak

Emil Hudak amelitumikia tanuri letu hapa kiwanda cha bolti miaka arobaini na moja. Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, anavua glavu, anastaafu. Wameniambia niandike mimi kwa sababu nimefanya naye kazi karibu kuliko wote. Sijasoma sana. Naandika nilichokiona.

Alianza kwa kufagia, baadaye akapewa moto. Bolti hapa tunazipasha mpaka nyekundu, tunazizamisha kwenye mafuta, halafu tunazirudisha motoni zipungue ukali. Moto huo wa mwisho ndio kazi ya Emil. Kila mzigo alitoa bolti moja, akaikaza kwa spana kwenye pande la chuma, akaitumbukiza siku nyingi kwenye ndoo ya maji na chumvi ile ya kuyeyusha barafu barabarani, aone kama itapasuka. Hakutumwa na mtu. Tulimcheka. Kila mchana lazima mtu amuulize kama supu imeiva. Yeye anatafuna pierogi zake, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, anajibu mwenye njaa ya haraka akale kwao.

Septemba moja, miaka mitano na ushei iliyopita, wiki tatu tangu nimzike mume wangu Ray, Emil aliumwa. Tanuri nikashika mimi. Bolti elfu mbili, za daraja la mtoni. Nikapunguza moto wa mwisho ili zibaki ngumu zaidi. Nilidhani ugumu ndio usalama. Mashine ya kupima nguvu kwa kuvuta ikazipitisha, msimamizi akanisifu. Emil aliporudi akatia moja ndooni.

Siku ya tisa tunakula, ndoo ikalia kama bunduki. Hakuna aliyeigusa. Emil akaitoa bolti. Vipande viwili, na ufa mweusi mpaka ndani. Kijiko kikanidondoka. Lori lilishapakiwa, liko mlangoni. Na binti yangu anaendesha basi la wanafunzi juu ya daraja hilo.

Emil akaniangalia, akajua nimepunguza moto.

"Donna, zirudishe zote motoni kwanza. Utalia baadaye."

Msimamizi akataka kujua kosa la nani. Emil akamwambia aiulize ndoo. Leo nasema mwenyewe: lilikuwa langu.

Tukazipasha upya kwa moto ule wa Emil. Moja ikaingia ndooni. Mwaka wa sita huu, bado nzima. Jana Emil kaja, kaiweka ndoo chini ya meza yangu.

Ahsante, Emil. Nenda kavue samaki ziwani, wewe na mkeo Zuzana, mkae salama miaka mingi. Chumvi nitaongeza mimi.