Saa Moja na Dakika Ishirini za Noreen Tuckwell

Marehemu Noreen Tuckwell alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika shamba la ng'ombe kaskazini mwa Winton, Queensland, binti pekee wa Mzee Clarrie na Bi Edna Strahan. Alisoma kwa masomo ya redio, kwenye meza ya jikoni, hadi alipopelekwa shule ya bweni Charters Towers mwaka 1959.

Mwaka 1968 alipata leseni ya urubani. Kwa miaka thelathini na mitatu alipeleka barua na dawa mashambani, akawafundisha wengine urubani.

Mwaka 1972 aliolewa na Keith Tuckwell, fundi wa ndege, aliyezoea kusema, "Chumvi mke wangu huibahatisha, lakini dakika za hewani, thubutu!" Walijaliwa binti mmoja, Rhonda, naye akawa rubani.

Agosti 1997, mama na binti waliondoka Boulia kwa ndege, Rhonda akiongoza. Mara tu walipopaa, vumbi likawafumba macho. "Nipe, mwanangu," Noreen akasema, akashika usukani hadi Winton. Kesho yake alikuta Rhonda ameandika safari nzima, saa moja na dakika ishirini, kwenye daftari lake la saa za urubani, kana kwamba yeye ndiye aliyeiongoza. Noreen akaikata kwa kalamu nyekundu.

"Mama, nimepungukiwa saa hiyo tu nipate kazi Brisbane! Nani atajua?"

"Wewe utajua, siku utakapokutana na vumbi na abiria nyuma yako. Saa ni za aliyebeba dhamana, mwanangu, si za aliyekaa karibu naye."

Kazi ikampita. Rhonda akahamia Darwin, na kwa miaka minne hakupiga simu. Noreen hakubadili kauli, ila kila Jumapili aliketi kando ya simu mpaka chai ikapoa.

Simu ililia Mei 2001. Bosi alikuwa amemtaka Rhonda ajiandikie saa za ndege iliyorushwa na mwenzake.

"Leo nimekataa, Mama. Nimeacha na kazi."

Noreen akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Njoo basi, kuna kondoo kwenye oveni."

"Mama, niko Darwin!"

"Atasubiri."

Mwaka 2019 Noreen aliugua mapafu. Rhonda alimpeleka kwa ndege mara kumi na moja kutibiwa Townsville. Safari ya mwisho alimwuliza, "Nimetua vizuri?"

"Kwa kishindo," Noreen akajibu, akimshika shavu. "Ila umenifikisha."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Juni 2021, mkono wake ukiwa mkononi mwa Keith. Ameacha mume, binti, na wajukuu wawili, Callum na Jodie.

Apumzike salama katika udongo huu wa Winton, uliomlea.