Haula Selemane, Aliyetukataza Kuondoka Bila Kuaga

3 Mei 1963 – 8 Oktoba 2025

Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, Mwanawetu, na unasomwa na mwanawe wa mwisho, Muzamil, hapa nyumbani Palma kabla jeneza halijatoka. Muzamil ameombwa asome yote, pamoja na yanayomhusu mwenyewe, na ameapa mbele ya dada zake kwamba hataruka mstari. Tunamsikiliza.

Marehemu Bi Haula alizaliwa Quionga tarehe 3 Mei 1963, mtoto wa pili wa mzee Selemane, mshona nguo, na Bi Atija, mfanyabiashara wa vitenge. Vita vya uhuru vilipopamba moto, familia ilivuka Ruvuma ikakaa Msimbati, upande wa Mtwara, kwa ndugu wa baba. Huko ndiko lilikomkuta jambo ambalo sisi wanawe tumelisikia mpaka tunalijua kwa moyo. Mwaka 1968, siku moja baada ya chakula cha mchana, mama yake alimlaza, akambembeleza mpaka akapitiwa na usingizi, kisha akajitwika mzigo wake akaenda Lindi kuuza vitenge. Hakutaka kumsikia akilia. Alikaa huko miezi minne. Aliporudi na gauni jipya na halua, Haula alimtazama kama mgeni, akajificha nyuma ya bibi yake kwa siku tatu. Tangu hapo hakulala tena mchana maisha yake yote. Hakulala mchana wa Ramadhani, wala alipokuwa na mimba zetu, wala alipopatwa na malaria. Ukimwambia ajinyooshe kidogo, alikujibu, "Nikilala mtaondoka," halafu akacheka. Lakini kulala, hakulala.

Alisoma shule ya msingi Msimbati akamaliza darasa la saba mwaka 1978. Mwandiko wake wa Kiswahili ulikuwa mzuri kiasi kwamba majirani walimletea barua zao za posa awaandikie. Kireno alikisoma ukubwani, hapa Palma, katika darasa la watu wazima, na alikitamka alivyotaka yeye. Mkaguzi mmoja kutoka wilayani aliwahi kumsahihisha mbele za watu. Alimshukuru kwa adabu zote, kisha akarudia neno lile lile vile vile.

Mwaka 1984 aliolewa na marehemu Abudo Chamsudine, seremala wa hapa Palma, akahamia kwake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mwanawetu, Shaweji ambaye sasa yuko Mtwara, na Muzamil. Baba yetu alifariki mwaka 2011. Mama hakuolewa tena, ingawa waliokuja kuuliza hawakuwa wachache, na wengine wao wamekaa hapa leo wakisikiliza.

Kazi yake mnaijua. Ilianza na watoto wa akina mama wa sokoni, ambao aliwaangalia kwenye baraza lake asubuhi. Mwaka 2014, baada ya mafunzo ya wiki tatu Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, baraza likawa escolinha, shule ya wadogo ambao hawajafika darasa la kwanza. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa tukakimbia, ilimbidi aifunge, na mwisho wa 2022 tuliporudi aliifungua kabla hajaezeka jikoni kwake. Mwenzake katika kazi alikuwa Dona Cristina, mwalimu kutoka Mueda, ambaye ameuchapa wasifu huu huku machozi yakimdondokea.

Mzazi yeyote aliyempeleka mtoto pale alisomewa kanuni kwanza, amesimama, mtoto mkononi. Mama alikataza mtoto kutishwa kwa jina la mwalimu. Mzazi aliyesema "nitamwambia Bi Haula akuchape" aliitwa pembeni akaambiwa, "Mimi si fimbo yako. Ukitaka fimbo, kakate yako." Kosa la mtoto halikusemwa mlangoni mbele ya watu, na kabla ya kulisema, mwalimu alitaja kwanza jema alilolifanya siku hiyo, hata kama jema lenyewe ni kunawa mikono tu. Lakini kanuni aliyoisimamia kwa ukali kuliko zote ni hii: hakuna ruhusa ya kumtoroka mtoto. Utamwambia unakwenda wapi na unarudi lini, akuone ukitoka. Akilia, alie. Ukutani marehemu mume wake alikuwa amempigilia, tangu enzi za baraza, safu ya misumari ya kutundikia nguo, na Mama akaandika jina la mtoto juu ya kila msumari. Mzazi akiondoka hutundika kitu chake hapo, kilemba, ufunguo, mkanda, chochote, na mtoto anajua kwamba mwenye kitu atakirudia. Akina mama wa sokoni walicheka mwanzoni. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wakigombania misumari iliyo karibu na dirisha.

Msumari mmoja ulikaa mtupu, nao ulikuwa wa mjukuu wake mwenyewe, Nazira, binti wa Muzamil na Zulfa.

Muzamil ni mpishi kambini Afungi, kwenye mradi wa gesi. Hukaa huko wiki sita, hurudi nyumbani wiki mbili. Alfajiri ya kuondoka, basi la kampuni likija, alikuwa akitoka kwa kunyata, viatu mkononi, mtoto amelala. Mama alimsema mara nyingi.

"Mama, akiniona naondoka atalia mpaka Zulfa ashindwe," Muzamil alikuwa akijitetea.

"Alie, nitambeba mimi. Lakini akiamka hakuoni, akaniuliza baba yuko wapi, nimwambie nini? Nidanganye?"

"Mwambie nakuja."

"Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo, mwanangu."

Hakusikia. Na Nazira, wakati huo ana miaka minne, akaanza kuuma wenzake. Basi kulikuwa na kanuni nyingine, nayo Mama aliiandika kwa mkono wake: mtoto akiuma mara tatu, arudi kwao. Septemba 2023 Nazira alimuuma mtoto wa Bwana Gildo begani, na hiyo ilikuwa mara ya tatu. Gildo alikuja mlangoni hana mzaha.

"Dona Haula, kanuni ni ya watoto wetu tu, au na ya wajukuu?"

Mama alikwenda ukutani, akafuta jina la mjukuu wake, akamshika mkono akampeleka nyumbani. Alirudi kazini macho mekundu. Palma yote ilimsifu kwa haki. Lakini sisi wanawe tulijua kwamba hali chakula vizuri.

Wiki mbili baadaye Dona Cristina alikuwa akipitia daftari la kila siku, ambamo huandikwa nani kalia, nani kala, nani kapigana. Alimwita Mama akamwonyesha.

"Angalia tarehe hizi, Dona Haula. Kila alipouma, baba yake alikuwa ameondoka alfajiri ya siku hiyo. Tunamwadhibu mtoto kwa kosa la mkubwa."

Mama akavaa viatu, akaenda kwanza kwa Gildo akamweleza, ili asisikie kwa wengine. Gildo alimpa mkono. Halafu akaenda kwa Zulfa, akaketi chini sakafuni mbele ya mtoto wa miaka minne, akamwambia, "Bibi yako amekosea. Nisamehe." Nazira alifikiri kidogo akauliza kama msumari wake bado upo.

Kanuni ile ilifutwa, na chini yake Mama akaandika nyingine, ambayo iko ukutani mpaka leo na mtaiona mkipita: *Mtoto akiuma, tuulize kwanza nani kaondoka nyumbani kwake.*

Zamu iliyofuata Muzamil alimwamsha binti yake. Alimwonyesha kwa vidole wiki sita ni ngapi. Mtoto alimng'ang'ania mguu, akalia mtaa mzima ukaamka, basi likapiga honi, na Muzamil, asipunguze sauti hapa, akapanda analia kuliko mtoto. Lakini alikuwa ameacha kofia yake, na asubuhi ile Nazira aliitundika mwenyewe kwenye msumari. Wasifu wa mtu aliyechukia uongo haufai kuwa na uongo, kwa hiyo tuseme kwamba Nazira aliuma tena mara moja, mwezi wa Novemba. Baada ya hapo hakuuma tena.

Maradhi ya Mama yalianza mwaka jana, shinikizo la damu, na baadaye figo. Mwezi uliopita daktari alisema apelekwe Pemba. Hapo ndipo sisi wanawe, tuliolelewa na kanuni ile, tulipokaa tukapanga na dereva apite njia ya nyuma, asipite escolinha, ili watoto wasilie na Mama asichoke. Hata anayeandika haya alikubali. Jumatatu tarehe 22 Septemba gari lilipokata kona, Mama alimgusa dereva bega.

"Tunapita wapi, mwanangu?"

Dereva akatuangalia. Sisi tukaangalia nje.

"Rudi," Mama akasema.

Pale escolinha walitolewa nje watoto wote, arobaini na moja. Alisimama kwa kumshika Dona Cristina. Aliwaambia kwamba anaumwa, anakwenda hospitali Pemba, na hajui kama atarudi. Mmoja akamuuliza anatundika nini. Mama akavua filimbi yake shingoni, ile aliyowaitia kula kwa miaka yote, akampa Cristina.

"Leo situndiki. Nikitundika mtaningoja. Hii nawapa, ni yenu."

Walilia, naye aliwangoja mpaka wa mwisho wao akanyamaza. Ndipo akaingia garini.

Pemba aliuguzwa kwa wiki mbili na siku mbili, na Mwanawetu hakubanduka kitandani kwake. Kila alipotoka, hata kuchota maji, alimwambia anakwenda wapi na anarudi lini. Jumatano tarehe 8 Oktoba, baada ya adhuhuri, alimwambia, "Mama, nakwenda kuswali, nitarudi sasa hivi."

"Haya, nenda. Mimi nalala."

Mwanawetu alisimama mlangoni asijue kama amesikia sawasawa. Mama alikuwa amegeukia ukutani, mkono chini ya shavu. Alifariki usingizini saa tisa alasiri, binti yake amesharudi na amekaa pembeni yake.

Jana jioni baadhi yetu tulitaka Nazira aambiwe kwamba bibi bado anatibiwa, mpaka mazishi yapite. Muzamil alikataa. Alimpakata akamwambia bibi amefariki na hatarudi. Nazira, ambaye sasa ana miaka sita, alilia sana, kisha akamjibu, "Najua. Alituambia." Jumapili alfajiri basi la Afungi litakuja. Kofia imeshatundikwa.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, Dona Cristina, ambaye ameahidi kuendelea na kazi, na watoto arobaini na moja wenye filimbi. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, na aipanue nafasi yake. Mama, ulituaga sote, na sisi leo tunakuaga, hatukutoroki. Lala sasa mchana, kwa amani.