Shangazi Aliyerudisha Kazi Yangu Mara Kumi na Mbili

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi wa chumba cha pembeni anastaafu. Shangazi ni wa ofisi nzima. Hata mkurugenzi, anayemzidi umri, humwita hivyo.

Alianza kama mpiga chapa, akajifunza kompyuta wenzake wakiwa kwenye chakula cha mchana, hadi akawa mkaguzi wa programu zetu zote. Mafundi wenye ndevu zao walipita mlangoni kwake kwa kunyata. “Ingieni,” angewaambia, “siumi, nasoma tu.”

Mimi, mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, nimepewa kuandika haya kwa kuwa eti ndimi niliyeongea naye zaidi. Kusema kweli hatukuongea. Tuliandikiana. Kumsalimia tu nilikuwa naona haya.

Nilipewa programu ya kutafuta maneno kwenye maghala ya msimbo, yanamohifadhiwa maandishi ya programu, mengine yakiwa ndani ya mengine. Yangu ilipekua ghala la nje, ikifika mlangoni mwa la ndani inageuza, kisha inajibu “hakuna”. Ofisi huandika maoni ya ukaguzi kwa Kiingereza, yeye aliniandikia Kiswahili: “Mwanangu, chumbani hukuingia, umejuaje hamna mtu? Sema hujatafuta.” Nilicheka peke yangu. Siku hiyo hakuna mwingine aliyekuwa amenisemesha.

Nikarekebisha. Akarudisha tena, kwa haki: ghala moja lilipekuliwa mara mbili. Baada ya hapo, naungama, makosa niliyaacha kusudi. Kazi ikipita, maoni yanakoma, nami nabaki na ukuta.

Lakini wiki hii ilikuwa lazima ipite; mkaguzi mwingine anayeyajua maghala hayo hatuna. Jana nikaituma, na kosa moja ndani. Jibu likaja: “Hili umeliacha kusudi, kama yale mengine tisa. Lirekebishe sasa hivi, halafu njoo na kiti chako.”

Nilikwenda na kiti. Aliipitisha nikiwa nimeketi kando yake, kisha akauliza nyumbani tuko wangapi. Nikamjibu kwa sauti, tukaongea mpaka chai ikapoa.

Shangazi, ahsante kwa macho yako na subira yako. Sote tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku zisizo na haraka. Mimi nitakuja Jumapili kukusalimia. Sitangoja nikosee kwanza.